Koti la Kijivu Katika Swali la Kwanza

Mimi si mtu wa kusamehe upesi, na wanaonijua hawajawahi kunisingizia wema huo. Dada yangu husema moyo wangu ni jiwe la kusagia. Mimi humjibu kwamba bila jiwe hilo yeye angekunywa uji wa nini, basi aniache nisage.

Mwaka mzima nilimsaga mtu mmoja tu. Aliitwa Nzau, na alikuwa mkuu wa idara ya Kiingereza katika shule ya binafsi niliyofundisha, mtaa wa Fedha, Eastlands. Alikuwa na koti la kijivu lenye viraka vya ngozi viwikoni, koti alilolivaa jua liwake mvua inyeshe. Watoto walimwita Profesa. Mimi waliniita Madam Karibu.

Jina hilo lilitokana na somo langu. Kwenye mitihani ya Kiingereza kuna maswali yanayowatoa watoto jasho: unapewa sentensi ambayo maneno ya kuelezea yamewekwa mahali pasipo pake, nawe uyarudishe kwao. Kanuni ni moja, na niliwaimbia mpaka wakaiota: kinachoeleza kikae karibu na kinachoelezwa. Mtoto akiandika kwa Kiingereza kwamba mjomba alikula samaki, halafu maneno “akiwa amekaangwa vizuri” akayabandika kwa mjomba, basi ni mjomba aliyeingia kwenye mafuta. Darasa lilicheka, na lilipocheka lilishika. Nilikuwa mwalimu mzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu waliotakiwa kusema walinyamaza.

Muhula wa mwisho wa mwaka juzi mtihani wetu ulivuja. Karatasi ya Kiingereza, iliyotungwa na mimi, ilikuwa imefika kwenye nyumba za watu kabla watoto hawajaketi kuifanya. Kabati la mitihani lilikuwa na funguo mbili, mmoja wangu na mwingine wa Nzau. Mkurugenzi wa shule, Bi. Mwangangi, mama mwenye hasira za karibu na masikio mazuri kwa yeyote anayewahi kusema, alituita ofisini. Nzau aliwahi kusema.

“Inaniuma kulitamka hili, Mkurugenzi,” alisema, mkono kifuani. “Lakini Mwalimu Nthoki amekuwa akikaa na karatasi hadi jioni.”

Nilikaa nazo jioni kwa sababu nilikuwa nikizipitia kutafuta makosa ya chapa! Mtu mwingine alikaa wapi jioni, hakuulizwa. Jumatatu iliyofuata, kwenye gwaride, bendera ikiwa imeshapandishwa na watoto wamesimama kwa mistari, Bi. Mwangangi alilitaja jina langu na kusema shule haiwezi kumweka mwalimu anayeuza mitihani. Nilitolewa langoni watoto wakitazama. Ndolo, mtoto wa dada yangu, alikuwa mstari wa mbele wa Gredi ya Nane. Alitoka kwenye mstari bila ruhusa, akanibebea mkoba mpaka langoni, na mlinzi akamrudisha darasani kwa kumshika ukosi. Nzau alisimama nyuma ya Mkurugenzi akitikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

Nilikwenda kuomba kazi Buruburu, nikaambiwa nafasi imejaa. Nikaenda Makongeni, nikaambiwa nitapigiwa. Wakuu wa shule za Eastlands hupigiana simu kuliko wachumba, na kila nilipofika habari ilikuwa imeshatangulia na kuvuta kiti. Kanisani kwetu nilikuwa nikifundisha darasa la Jumapili. Nikaombwa kwa upole nipumzike. Nikabaki kufundisha watoto wachache sebuleni kwa dada yangu, wengine wakiletwa na mama zao kwa mlango wa nyuma wasionekane.

Sikutaka fidia na sikutaka pole. Nilitaka kitu kimoja: shule ile ile, mbele ya watoto wale wale, iseme kwamba sikuuza. Na nilitaka Nzau awepo, asimame palepale, asikie. Kama ningepewa la kwanza bila la pili, ningelala nusu usingizi.

*

Aliyenifungulia njia ni Fowsiya. Ana saiba ndogo, chumba cha kompyuta na mtandao, chini ya gorofa wanayokaa, kando ya duka la jumla la babake, Mzee Wehliye, anayeuza mchele na sukari. Nilikuwa nikienda pale kuchapisha mazoezi ya watoto wangu wa sebuleni. Siku moja, saiba ikiwa tupu, alisukuma mlango ukafunga, akasimama ameuegemea.

“Madam, kuna kitu imenikwama kwa roho.”

“Iteme, mwanangu.”

“Ile paper walisema uliuza. Si wewe. Ni Nzau.” Alitazama sakafu. “Najua juu ni baba alinunua.”

Akanieleza yote. Nzau mwenyewe alimfuata Mzee Wehliye, akamwambia kuna karatasi ya marudio itakayomsaidia mdogo wake Fowsiya, Yurub, aliyekuwa darasa moja na Ndolo wetu. Wakakutana Ijumaa jioni pale wanapooshea magari, karibu na steji ya matatu, Mzee akisubiri gari lake. Nzau alifika na karatasi ndani ya mfuko wa mkate, chini ya mkate wenyewe. Mzee alipomletea Fowsiya atoe kopi, Fowsiya aliona nembo ya shule na tarehe ya mtihani, akamwambia babake amenunua nini. Mzee alikaa chini ya ngazi, akashika kichwa. Yurub mwenyewe hakujua kitu. Yeye alidhani ni mazoezi.

“Sasa kwa nini hakuja kusema?” Sauti yangu ilipanda. “Nilitolewa langoni kama mwizi wa kuku!”

“Anaogopa Yurub atafukuzwa. Kila siku anasema atakuja kwako, halafu anaenda msikiti, anarudi, ananyamaza. Madam, mimi nakuambia tu usikae ukifikiri uko pekee yako. Lakini kusema mbele ya watu, siwezi muuza baba.”

Nilitaka kupanda ngazi zile nimkokote mzee yule kwa kanzu yake mpaka ofisini kwa Mkurugenzi. Nilikaa kwanza nikanywa maji. Nilikuwa nimejua moyoni siku zote, sasa nilijua kwa ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa umefungwa mdomo. Hiyo inauma kuliko kutojua.

Ndipo Fowsiya akaniambia jambo la pili, na alilisema kama jambo dogo. Baada ya mimi kufukuzwa, Bi. Mwangangi alitoa amri mpya: kila karatasi ya mtihani iandikwe juu yake jina la mtungaji, na chini ya jina hilo maneno kwamba ameyatunga maswali mwenyewe, bila mtu wa nje. Nzau, ambaye sasa alikuwa amepandishwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa akitia sahihi maneno hayo kila muhula. Na kila muhula alikuja kwa Fowsiya amtafutie maswali mtandaoni, ayachanganyechanganye, ayachape.

“Mtu mzima na digrii yake,” Fowsiya alisema, “hajawahi tunga hata swali moja. Sasa anataka ya Gredi ya Tisa. Anataka yale ya maneno yaliyokaa vibaya. Anasema Mkurugenzi anayapenda.”

Bila shaka aliyapenda. Yalikuwa yangu.

“Usihangaike na mtandao muhula huu,” nilimwambia. “Nitakupa mimi. Mwambie umeyaokota hukohuko.”

Fowsiya si msichana wa kuelezwa mara mbili.

“Baba asitajwe,” alisema.

“Sitamtaja wala gari lake wala duka lake. Nakuapia.”

*

Niliandika maswali ishirini kwenye meza ya dada yangu, mchana, Ndolo akiwa shuleni. Sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Nilipika chai ikapoa. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna mgeni.

Siri yake ni hii. Mwalimu wa Kiingereza aliyezeeka kazini hasomi sentensi ya mtihani kama mtu anavyosoma. Haulizi nani kafanya nini. Anatazama tu maneno ya kuelezea yamekaa wapi, kama fundi viatu anayekutazama miguuni hata ukimsalimia. Mimi mwenyewe nimesahihisha maelfu ya sentensi na siwezi kukumbuka habari ya hata moja. Na Nzau alikuwa mvivu juu ya hayo yote.

Kwa hiyo niliyasimulia maovu yake, moja baada ya jingine, kwa mpangilio, halafu nikavuruga kila sentensi. Koti la kijivu nikalivisha lango. Ufunguo wa pili nikautia mkononi mwa kabati. Mkate nikaufanya utembee kwenda kuoshewa magari. Zikiwa zimevurugika hivyo, zilikuwa upuuzi mtupu wa mtihani, wala mtu asingezitazama mara mbili. Lakini mtoto yeyote aliyefundishwa vizuri akizinyoosha, zingesema. Na watoto wale niliwafundisha mimi.

Fowsiya alichapa. Nzau alikuja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasoma karatasi yote toka juu hadi chini.

“Alisoma kweli?” nilimuuliza Fowsiya siku ya pili.

“Alisoma, Madam, kila mstari. Alafu akatoa biro.” Fowsiya alianza kucheka, akajiziba mdomo. “Akarekebisha koma. Namba nne.”

Namba nne ilikuwa ile ya ufunguo wa pili. Nzau alikutana na wizi wake mwenyewe kwa maandishi, akaona koma.

Watoto waliufanya mtihani, karatasi zikakusanywa zikafungiwa, kama ilivyo desturi, mpaka siku ya wazazi. Ndolo alirudi nyumbani akaanza kula, kisha akaniangalia kwa jicho la pembeni.

“Anti, hiyo paper ya Kiingereza ilikuwa na story.”

“Story gani?”

“Sijui. Kuna odijo, ticha fulani, na mkate. Ulikuwa unatufunza vitu kama hizo. Za mjomba kukaangwa.”

“Kula,” nilimwambia. “Na mambo ya mtihani usiyapeleke nje.”

Hakuyapeleka. Ndolo ni damu yetu.

*

Siku ya wazazi katika shule ile kila mzazi huketi kwenye dawati kando ya mtoto wake, karatasi iliyosahihishwa ikiwa mbele yao, na mwalimu hupitia mtihani swali kwa swali. Nzau alikuwa na mtindo wake ambao wazazi waliupenda sana. Alisoma yeye sentensi mbovu, akainua mkono, na darasa zima likaimba kwa sauti moja sentensi iliyonyooka. Wazazi waliona karo yao ikiimba.

Dada yangu alikuwa kazini, kwa hiyo mlezi wa Ndolo nilikuwa mimi. Nilivaa gauni langu la kijani la harusini na viatu vyenye kelele. Nilipoingia, Nzau aliniona, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

“Karibu, mzazi,” alisema, akalikanyagia neno la mwisho.

“Asante, Mwalimu. Nimekuja kusikiliza.”

Bi. Mwangangi alikuwa ameketi mbele, pembeni ya ubao, karatasi mkononi. Mzee Wehliye alikuwa dirishani na Yurub, kofia yake magotini. Aliponiona aligeukia nje. Na katikati, dawati la peke yake kwa sababu babake ndiye aliyekuwa akifundisha, aliketi Ndindi, binti wa Nzau. Mtoto mwenye paji pana kama la babake na akili ambayo sijui aliitoa wapi. Alikuwa mwanafunzi wangu bora kupita wote. Nilijua atakuwepo. Niliandika maswali yale nikijua atakuwepo, na sauti yake ndiyo huongoza zile nyingine. Ndolo wangu alikuwepo siku yangu. Basi Ndindi awepo siku ya babake. Ndivyo nilivyopanga, na sikuona kwa nini nipange vingine.

Yaliyofuata yalisemwa kwa Kiingereza. Nawapa kwa Kiswahili msikie nilichosikia.

Nzau alisoma swali la kwanza, lile la lango lililovaa koti. Wazazi wakacheka kidogo. Akainua mkono.

“Mwalimu aliyevaa koti la kijivu lenye viraka vya ngozi,” watoto waliimba, “alisubiri wenzake watoke langoni!”

“Vizuri sana,” alisema Nzau, na kwa mkono uliobaki alijishika ukosi wa koti la kijivu lenye viraka vya ngozi.

Swali la pili, la tatu. Alikuwa akienda haraka, kwa raha, kama mtu anayepiga ngoma anayoijua. Watoto wakalirudisha kabati ofisini, na jioni wakairudisha Ijumaa. Akafika namba nne, akaisoma pamoja na koma yake.

“Kwa ufunguo wa pili, mwalimu huyo alifungua kabati lililokuwa limefungwa na mwenzake!”

Bi. Mwangangi aliinua uso kutoka kwenye karatasi. Kabati na funguo zake mbili vilikuwa habari ya watu watatu tu duniani, na wote watatu tulikuwa chumba kimoja. Alimtazama Nzau, akalitazama koti, akarudi kwenye karatasi na kuanza kusoma mbele kwa kidole.

Nzau hakuona. Naapa hakuona! Alisoma namba tano, akainua mkono, na watoto wakasema kwamba mtihani uliofichwa chini ya mkate ulitolewa shuleni ndani ya mfuko. Dirishani kofia ya Mzee Wehliye ilianguka. Alisoma namba sita, na watoto wakasema kwamba mahali pa kuoshea magari mwalimu huyo alimpa mzazi ule mfuko.

Nusu ya darasa ilisema sentensi hiyo kwa nguvu. Nusu nyingine ilianza kuisikia. Ndipo mkono wa Nzau, uliokuwa bado juu, ukasimama hapo hapo. Nilimwona akiipata. Ilimwingia polepole kutoka kwenye macho hadi shingoni, akashusha mkono, akaitazama karatasi kana kwamba imebadilishwa sasa hivi. Halafu alifanya kitu ambacho sitakisahau hadi nizikwe: alilivua koti. Alilivua taratibu, akalitundika kwenye kiti, akabaki na shati, kama vile koti ndilo lililokuwa likituhumiwa.

Wazazi wakaguna. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua.

“Muda wetu ni mfupi,” alisema. “Haya mengine mtayasoma nyumbani.”

“Endelea, Mwalimu,” alisema Bi. Mwangangi.

“Mkurugenzi, hizi ni sentensi za mfano tu.”

“Nimesoma mpaka mwisho. Mfano huu una kabati langu ndani.” Aliigeuza karatasi, akaonyesha pale juu kwa kidole. “Nani ametunga maswali haya?”

Hapo ndipo nilipokuwa nimemngoja. Jina lake lilikuwa juu ya ukurasa, na sahihi yake, na maneno kwamba ameyatunga mwenyewe. Akisema ni yake, basi ameandika mwenyewe namna mtihani ulivyotoka, jambo ambalo ni mwizi tu angelijua. Akisema si yake, basi ameidanganya shule kila muhula kwa sahihi. Alinigeukia. Macho yetu yalikutana juu ya vichwa vya watoto, na nikaona amejua mtungaji ni nani. Nilimtabasamia kwa upande mmoja wa mdomo.

Hakuthubutu kunitaja. Kunitaja mimi kulikuwa kukiri lile la pili. Akatafuta mtu mwingine wa kumtupia, kama alivyotafuta mwaka ule.

“Ni msichana wa saiba,” alisema. “Yule Fowsiya. Nilimpa maswali yangu achape, amechezea. Wasichana wale ndio wanaovujisha karatasi mtaani humu, kila mtu anajua. Nafikiri hata mwaka ule ni yeye.”

Kiti kilivutwa dirishani. Mzee Wehliye alikuwa amesimama. Ni mtu mrefu, mpole, ambaye dukani huongea kwa sauti ya kunong’ona hata akikataa bei.

“Mtoto yangu usimtaje,” alisema.

“Mzee, tafadhali, hili ni jambo la shule—”

“Ile mkate ulinipa mimi.” Alinyoosha viganja vyake viwili mbele, vitupu, kana kwamba mfuko bado umo. “Kwa hii mikono. Ukaniambia ni marudio. Nilipojua ni mtihani, nilinyamaza, na huyu mwalimu akafukuzwa, na mimi nikanyamaza tena. Mungu anisamehe. Mama Mkurugenzi, kama mtanifukuzia msichana, mfukuzeni. Lakini Nthoki hakuuza kitu. Ni huyu.”

Yurub alikuwa amefunika uso kwa mtandio. Nzau akachukua chaki, akairudisha. Kisha akatoka, hivyo hivyo na shati, akiacha mlango wazi.

Mnataka kujua kama nilifurahi? Nilifurahi. Furaha ilinipanda toka miguuni kama maji ya moto siku ya baridi, na nisingeibadilisha na mshahara wa mtu yeyote. Bi. Mwangangi alikuja mpaka kwenye dawati langu, miwani yake imetiwa ukungu.

“Yurub atabaki, hakujua,” alisema kwanza, kwa sauti ya kusikiwa na wote. Kisha akaniambia: “Mwalimu, Jumatatu, kwenye gwaride, nitasema mwenyewe. Palepale nilipokusimamisha.”

“Kwa kipaza sauti,” nilisema.

“Kwa kipaza sauti.”

“Na langoni nitaingia watoto wakitazama.”

Alikubali. Ndolo alinishika mkono chini ya dawati, akaufinya. Wazazi walianza kunong’ona na kukusanya mikoba. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, chote, mpaka kilichozidi.

“Bado namba ishirini.”

Ilikuwa sauti ya Ndindi. Alikuwa amesimama katikati ya darasa, karatasi yake mikononi, imenyooka. Machozi yalikuwa yakimteremka bila yeye kuyafuta, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya kuongoza wengine.

“Keti, mwanangu,” alisema Bi. Mwangangi. “Inatosha leo.”

“Hatujamaliza karatasi.”

Akaisoma mbovu kwanza, kama mtindo wa babake ulivyotaka. Halafu akangoja mkono uinuliwe, na mkono haukuwepo, kwa hivyo akaisema mwenyewe, peke yake, hakuna mtoto hata mmoja aliyemfuata:

“Mwalimu ambaye hakuwa na hatia alifukuzwa mbele ya watoto wote.”

Kisha akanigeukia.

“Ni sahihi, Madam Karibu?”

Sentensi ile nilikuwa nimeingoja mwaka mzima. Kichwani nilikuwa nimemsikia Mkurugenzi akiisema, nilikuwa nimemsikia Nzau akiisema amepiga magoti. Usingizini na macho wazi, nilikuwa nimeisikia kwa kila sauti niliyoijua isipokuwa hii.

“Ni sahihi,” nilisema.

Ndindi alichukua kalamu nyekundu, akaweka tiki kwenye namba ishirini. Halafu alikwenda mbele, akalitoa koti la kijivu kwenye kiti, akalikunja vizuri, viraka kwa ndani visionekane, akasimama nalo kifuani akitazama huku na huku, akingoja mtu mzima mmoja kati yetu amwambie kama anaweza kwenda nyumbani.